Tandawala na karani tamba wapungua nyandani: mkulima na mfugaji wa Kajiado wana nafasi gani?

Mvua ya masika inapokaribia, trekta huanza kunguruma Isinya, Kisaju na Mashuuru. Ardhi iliyokaa miaka mingi ikiwa malisho hupinduliwa kwa siku mbili tatu, mahindi na maharagwe yakapandwa, na mwenye shamba akaanza kuyatazama mawingu. Katika ekari hizo hizo huenda kuna ndege aliyetaga mayai mawili juu ya udongo mtupu, bila kujenga kiota na bila kichaka cha kumficha. Dereva wa trekta hamwoni. Mama huondoka dakika ya mwisho, na mayai hubaki chini ya jembe.

Ndege huyo ni tandawala mkubwa. Wakaazi wengi wa kaunti hii wamewahi kumwona bila kumjua kwa jina. Ni yule ndege wa rangi ya kijivu na kahawia, mwenye shingo nene na miguu mirefu, anayetembea nyandani polepole kama mzee anayekagua mifugo yake. Dume hufikia kilo 18 na ni miongoni mwa ndege wazito zaidi duniani wanaoweza kuruka, ingawa kuruka hakumpendezi sana. Akiona mtu, kwanza hutembea, kisha hutembea kwa haraka zaidi, na mabawa huyaacha kuwa njia ya mwisho. Hula panzi, mijusi, panya na mbegu, na hupenda sana utomvu wa migunga. Mara nyingine keremkeremu mwekundu hupanda mgongoni mwake kama abiria wa bodaboda, akisubiri panzi wanaoshtuliwa na miguu ya mwenyeji wake.

Mwenzake wa nyanda hizi ni karani tamba, ndege mrefu mwenye miguu kama fimbo na manyoya meusi yaliyochomoza kisogoni mithili ya kalamu za makarani wa zamani. Huyu ni jamaa ya tai, lakini huwinda akitembea. Kwa siku moja anaweza kutembea kilomita 20 hadi 30 akikanyaga nyasi ili kuwatoa panzi, panya na nyoka mafichoni. Nyoka humuua kwa teke. Watafiti waliopima nguvu ya teke hilo waliikuta ni kama mara tano ya uzito wa ndege mwenyewe, na mguu hugusa shabaha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Sifa ya kuua nyoka ndiyo iliyomfanya ajulikane, na Sudan imemweka katika nembo yake ya taifa, lakini ukweli ni kwamba chakula chake kikubwa ni wadudu na panya. Kwa mwenye shamba la mahindi, hiyo ni habari njema zaidi kuliko ile ya nyoka.

Yuko pia ndege mdogo ambaye hakuna anayemgeukia. Ni kipozamataza wa rangi ya udongo, anayekimbia kati ya mashina ya nyasi fupi na kuimba akiwa angani. Jina lake la kisayansi, Alaudala athensis, limetokana na Athi. Anapatikana kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, basi. Nyanda za Athi na Kapiti, ambazo Kajiado inazigawana na majirani wake, ni nyumbani kwake kwa maana halisi ya neno hilo.

Ndege hawa watatu, pamoja na mbuni na wengine wengi, wanafanana kwa jambo moja: wanahitaji uwazi. Usalama wao si kichaka bali ni kuona mbali. Wanataka nyasi fupi za kuwindia na kutembelea, nyasi ndefu kiasi kando yake za kulelea vifaranga, na mgunga mmoja mmoja uliosimama peke yake. Karani tamba hujenga kiota kipana cha vijiti juu ya mgunga kama huo. Hutaga yai moja hadi matatu, huyaatamia kwa takriban siku 45, na kinda hukaa kiotani kwa karibu miezi mitatu. Mti huo ukikatwa kwa ajili ya makaa katikati ya kipindi hicho, uzazi wa mwaka mzima umekwisha.

Hesabu za barabarani

Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya hesabu za ndege wawindaji, yaani tai, vipanga, kozi na jamaa zao, zilizofanywa kwa kuendesha gari barabarani katika sehemu nyingi za Kenya. Walilinganisha idadi ya miaka ya 1970 na ile ya kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 walizochunguza, 19 zilikuwa zimepungua. Karani tamba alikuwa amepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kozi mdogo, mgeni anayekuja kila mwaka kutoka Ulaya na Asia, vilevile.

Jambo lingine katika utafiti huo linawahusu wakaazi moja kwa moja. Upungufu ulikuwa mkubwa zaidi nje ya mbuga na hifadhi kuliko ndani yake. Kwa lugha nyingine, hatima ya ndege hawa haiamuliwi Amboseli wala katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi pekee. Inaamuliwa katika mashamba ya watu, kwenye malisho ya familia na kando ya barabara za mashinani.

Mwaka 2020 karani tamba aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Tandawala mkubwa yuko hatua mbili nyuma, katika kundi la wanaokaribia hatari.

Wageni wanaokuja na kumbikumbi

Vuli ina habari yake. Kati ya Novemba na Desemba, mvua inapopiga na kumbikumbi wakatoka ardhini, makundi ya ndege wadogo wa kijivu wenye miguu ya rangi ya chungwa huonekana yakizunguka mbele ya mawingu. Hao ni kozi wa Amur. Wamezaliwa Siberia ya mashariki, Mongolia na kaskazini mwa China. Kila mmoja ana uzito wa takriban gramu 150, chini ya uzito wa kikombe cha chai kilichojaa. Wamepitia kaskazini mashariki mwa India, wakavuka bahari kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua, wakaingia Afrika kupitia Somalia. Hapa Kenya hushiba kumbikumbi na panzi kabla ya kuendelea hadi kusini mwa bara.

Kisa cha ndege hawa kinafaa kusimuliwa. Mwaka 2012 ilibainika kwamba katika jimbo la Nagaland, India, wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu maelfu kwa maelfu na kuwauza kama kitoweo. Habari zilipoenea, viongozi wa vijiji, makanisa na serikali ya jimbo walikaa na wananchi. Msimu uliofuata, wa 2013, unasaji ulikoma katika vijiji hivyo, na baadhi ya ndege wakafungwa vifaa vidogo vya kufuatiliwa kwa setilaiti. Wawili kati yao walipewa majina ya Naga na Wokha, ya pili ikiwa ni wilaya ambako walinaswa. Watu waliokuwa wakiwala ndio waliogeuka kuwa walinzi wao.

Tai wa nyika za Asia naye hufika kipindi hicho hicho, akitoka Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Tangu 2015 amehesabiwa kuwa hatarini kutoweka. Ajabu yake ni kwamba tai mkubwa kiasi hicho hutua shambani na kutembea akiokota kumbikumbi mmoja mmoja kama kuku. Korongo weupe kutoka Ulaya nao hufuata viwavi jeshi na panzi.

Isidhaniwe kwamba ndege watamaliza viwavi jeshi. Hawatamaliza. Mlipuko mkubwa wa wadudu hushinda idadi yoyote ya ndege, kama ilivyoonekana nzige wa jangwani walipoingia nchini mwishoni mwa Desemba 2019. Kazi ya ndege ni ya kila siku, ya kimyakimya: kula panzi na viwavi kabla hawajawa mlipuko, na kula panya kabla hawajafika ghalani. Kazi hiyo haitoi risiti, ndiyo maana ni rahisi kuisahau.

Dawa inayomfuata mdudu tumboni mwa ndege

Viwavi jeshi wa aina mpya walipofika nchini mwaka 2017, wakulima wengi walikimbilia dawa. Hakuna wa kumlaumu mkulima anayeona mahindi yake yakiliwa. Shida ni namna dawa inavyotumika. Mdudu aliyepuliziwa hafi papo hapo. Hulegea, hujikokota, na kwa hivyo huwa wa kwanza kuonwa na ndege. Karani tamba, tandawala au kozi anayekula wadudu mia kwa siku hukusanya mwilini dozi mia ndogo ndogo. Dawa nyingi za kuua wadudu hushambulia mishipa ya fahamu. Ndege hupoteza nguvu, hushindwa kuruka, na fisi au mbweha humalizia.

Chini ya lebo ya chupa ya dawa kuna ukanda wa rangi. Nyekundu maana yake ni sumu kali mno, ikifuatwa na njano, buluu na kijani. Mkulima anayenunua dawa dukani ana haki ya kuitazama rangi hiyo kabla ya kulipa na kumuuliza mwenye duka kama kuna ya rangi ya chini inayofanya kazi ileile. Dawa iwe imesajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB. Ile inayouzwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo isiguswe, hata kama jirani anaisifu. Inaua ndege, na haichelewi kuua mtoto.

Upulizaji nao una saa yake. Kiwavi jeshi hujificha ndani ya moyo wa mhindi mchana wa jua. Kupuliza saa saba mchana ni kumwaga pesa. Jioni, kwa kulenga moyo wa mmea badala ya kunyunyizia shamba zima, dawa kidogo hufanya kazi kubwa na nyingine haibaki kwenye majani ya pembeni ambako panzi na ndege wanapita. Wenye maji au mvua ya kutosha, kama baadhi ya maeneo ya Loitokitok na Ngong, wanaweza kuuliza afisa wa kilimo wa wadi kuhusu kilimo cha sukuma-vuta kilichobuniwa na kituo cha utafiti cha icipe: desmodiamu hupandwa kati ya mistari ya mahindi kuwafukuza wadudu, na majani ya brachiaria huzunguka shamba kuwavuta. Yote mawili ni chakula cha ng'ombe.

Suala la kwelea kwelea ni gumu zaidi. Mkulima wa mpunga wa Mwea au Ahero, au wa ngano kule Narok, anajua kwamba kundi moja linaweza kumaliza shamba kwa siku chache. Dawa aina ya fenthion inayonyunyiziwa mahali wanapolala huua kwelea, na huua pia tai, kozi na bundi wanaokuja kuwala. Yeyote anayepata ndege wengi waliokufa baada ya upulizaji asiwaokote kwa kitoweo. Nyama hiyo ina sumu.

Kuna sumu nyingine inayotegwa kwa makusudi. Fisi au simba akiua ng'ombe, mwenye hasira humwaga dawa kwenye mzoga. Aliyelengwa mara nyingi haji. Wanaokuja ni tai, tai mzoga na mbweha, wakafa kwa makumi. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza jambo hili. Hasira ya mfugaji inaeleweka, hasa kwa kuwa fidia, hata inapokubaliwa, huchukua muda mrefu kumfikia. Lakini boma imara humlinda ng'ombe wa kesho, jambo ambalo mzoga wenye sumu hauwezi. Waya wa seng'enge uliofumwa na kuzungushwa boma umewasaidia wengi. Taa zinazomulika kwa zamu, ambazo kijana Richard Turere wa kaunti hii alizibuni akiwa bado mtoto ili kulinda ng'ombe wa babake dhidi ya simba kando ya Mbuga ya Nairobi, ziliwafikisha Wamaasai wa Kitengela katika jukwaa la TED huko Marekani mwaka 2013. Zinaendeshwa kwa nguvu ya jua na hazimuui yeyote.

Ardhi inapokatwa vipande

Sumu inaweza kukomeshwa msimu mmoja. Kukatwakatwa kwa ardhi hakurudishwi nyuma kirahisi, na hapo ndipo penye uzito wa suala hili lote.

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 Kajiado. Ile ya 2019 ilihesabu 1,117,840. Watu wanahitaji makao, shule na barabara. Hilo si kosa la mtu. Wakati huohuo, ranchi za pamoja zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 zimegawanywa moja baada ya nyingine tangu miaka ya 1980, kila mwanachama akapata hati yake. Wengi waliuza sehemu. Ekari mia zikawa vipande vya thumuni ekari, kila kimoja na waya wake wa miiba.

Waya huo humfanyia ndege mambo matatu. Humkata tandawala na karani tamba wanaosafiri kwa miguu kutoka malisho hadi malisho. Karani tamba mchanga ambaye hajazoea kuruka hunaswa na kuraruka. Huwafungia mifugo mahali pamoja hadi nyasi zikaisha hadi mzizi, na mahali pa nyasi magugu kama Ipomoea yakachukua nafasi. Na huwa ndiyo hatua ya kwanza kuelekea jembe au jengo.

Kuhusu jembe, hesabu ya mvua ni muhimu kuliko hesabu ya ndege. Kajiado hupata kati ya milimita 300 kwa mwaka katika bonde la Amboseli na takriban 1,250 katika vilima vya Ngong na miteremko ya Kilimanjaro. Loitokitok na Ngong ni ardhi ya shamba bila ubishi. Lakini katika nyanda za chini, mahindi yanayotegemea mvua hukauka msimu mmoja kati ya michache. Kati ya vuli ya 2020 na vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ilikosa mvua ya kutosha. Waliolima walipoteza mbegu, dizeli na nyasi pia. Nyasi za kudumu zikishang'olewa kwenye udongo mweusi wa nyanda hizi, huchukua miaka kurudi, na katika miaka hiyo ardhi humilikiwa na magugu na vumbi. Mwenye shamba amekosa mahindi, na ng'ombe amekosa malisho. Ndege aliondoka zamani.

Kwa upande wa sheria, wanyamapori wako chini ya serikali ya kitaifa kupitia Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kilimo na upangaji wa ardhi viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba. Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwenye ardhi apate idhini ya kaunti kabla ya kuigawanya au kubadilisha matumizi yake. Mikutano ya umma ya mipango ya ardhi ndiyo mahali pa kuamua wapi pawe mji, wapi shamba, na wapi pabaki wazi. Wanaohudhuria mara nyingi ni madalali wa ploti. Wafugaji wanapokaa nyumbani, ramani huchorwa bila wao.

Nyaya za umeme

Mwaka 2010 watafiti walieleza jambo lililokuwa likiwashangaza watu: kwa nini tandawala, mwenye macho makali, hugonga nyaya za umeme mchana kweupe? Macho yake yamekaa pembeni mwa kichwa. Anapoinamisha kichwa akiruka ili kutazama chini, sehemu iliyo mbele yake moja kwa moja huwa haionekani kabisa. Uzito wake nao haumruhusu kukata kona ghafla. Kwa hivyo njia kubwa za umeme, kama zile za kilovolti 400 zinazokutana Isinya na ile inayoelekea Namanga, ni hatari kwake isipokuwa nyaya zifungwe vibao au vizunguzungu vya kung'aa vinavyoonekana kutoka mbali.

Mitambo ya upepo ya Kipeto, iliyoanza kazi mwaka 2021 ikiwa na pangaboi 60 na uwezo wa megawati 100, inaonyesha kwamba umeme na ndege wanaweza kupangiwa pamoja. Waangalizi, wengi wao vijana wa eneo hilo, hutazama anga kwa darubini, na tai mzoga akikaribia, pangaboi husimamishwa. Mizoga ya mifugo huondolewa ili isiwavute ndege chini ya mitambo. Hakuna lililo rahisi hapo, lakini linafanyika, na limeajiri watu.

Olopololi na nyasi za Boma Rhodes

Kabla ya neno uhifadhi kuzoeleka, wafugaji wa Kimaasai walikuwa na olopololi, kipande cha malisho karibu na boma kilichozuiliwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Katika eneo la Olkiramatian na Shompole, jamii hadi leo hutenga malisho ya kiangazi na kuyafunga msimu wa mvua ili nyasi zikue. Ndege wa nyika hufaidika bila mtu yeyote kuwafikiria: upande mmoja nyasi ni fupi, upande wa pili ni ndefu, na hakuna jembe.

Kitengela ilijaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 2000, familia zilizokubali kutoweka ua, kutolima na kutouza ardhi zililipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka. Malipo yalitolewa kwa awamu tatu yakilenga wakati wa karo za shule, mpango mzuri kuliko unavyoonekana kwenye karatasi. Lengo lilikuwa kuwaachia nyumbu na punda milia njia ya kutoka Mbuga ya Nairobi. Bei ya ardhi ilipopanda, shilingi 300 hazikuweza kushindana na mnunuzi wa ploti, na hilo lazima lisemwe. Hata hivyo, sehemu zilizobaki wazi zilibaki wazi kwa tandawala pia.

Kwa sasa biashara inayokua ni ya nyasi. Wakulima wa Boma Rhodes huuza marobota wakati wa kiangazi kwa bei nzuri, na shamba la nyasi ni rafiki kwa ndege kuliko shamba la mahindi, ila siku moja tu: siku ya kukata. Mashine ikianza pembezoni na kuzunguka kuelekea katikati, vifaranga hukimbilia katikati, na mzunguko wa mwisho huwamaliza. Wakulima wa Skotilandi walijifunza kufanya kinyume ili kumwokoa ndege wao wa nyasi aliyekuwa akitoweka. Huanza katikati na kutoka nje, hivyo vifaranga husukumwa kuelekea ukingoni ambako kuna maficho. Haigharimu mafuta ya ziada. Ufaransa na Uhispania, watu wanaojitolea hutafuta viota vya vipanga ndani ya ngano kabla ya mavuno, na mkulima huzungushia kiota kipande kidogo kisichovunwa.

Mkulima wa Kajiado anaweza kuiga hilo bila mpango wa serikali. Siku moja kabla ya trekta kuingia, watoto au vibarua watembee shambani kwa mstari wakiwa wameachana hatua chache. Tandawala akiinuka ghafla na kutembea akirudi nyuma, huenda kuna yai karibu. Yai la tandawala lina rangi ya kijani kibichi iliyofifia au kahawia na madoa, na huatamiwa kwa takriban siku 23. Chomeka kijiti hatua kadhaa kutoka mahali hapo, si kando kabisa, kwa kuwa kunguru nao husoma alama. Mwambie dereva apite pembeni. Kipande kitakachobaki bila kulimwa hakizidi ukubwa wa zizi la mbuzi.

Kwa wafuga kuku: si kila ndege mwenye mdomo uliopinda anakula vifaranga. Kozi wa Amur na kozi mdogo hutafuta wadudu, na karani tamba hana haja na boma. Mwewe ndiye mkosaji wa kawaida, na kwake banda lenye paa la wavu kwa wiki za kwanza ni dawa tosha.

Anayeona karani tamba au tandawala akiwa na kiota, aliyejeruhiwa na waya au aliyekufa chini ya nyaya, atoe taarifa kwa chifu au ofisi ya KWS iliyo karibu, akitaja mahali, tarehe na hali aliyomkuta nayo. Wenye simu za kisasa wanaweza kuingiza ndege wanaowaona katika mradi wa Kenya Bird Map, ambao hukusanya taarifa za ndege nchini kutoka kwa wananchi wa kawaida. Ndege aliyekufa na anayeshukiwa kuwa na sumu asiguswe kwa mikono mitupu, mbwa wazuiliwe, na mzoga wa mfugo ulio karibu naye usichomwe wala kuzikwa hadi maafisa wauone.

Mahindi ya masika yanapandwa baada ya mvua ya kwanza ya maana. Katika nyanda za Isinya, huo ni muda wa kutosha kumpigia dereva wa trekta simu na kumwomba aje na vibarua wawili wa kutembea mbele.